Jina ukutani, sabuni juu ya baraza na X nyekundu kwenye nguzo

Swali: "Nimepanga chumba cha chini kando ya barabara ya Kakamega hapa Kondele, Kisumu. Nashona sare za shule na kuuza vitambaa. Leseni ya biashara ya mwaka huu nimelipa na nimeibandika ukutani. Mwaka jana mchoraji aliniandikia jina la duka juu ya mlango. Baadaye kampuni ya sabuni ikaniletea bango la mabati la bure, urefu mita 4 na kimo mita 1.2, jina langu pembeni na sabuni yao katikati, wakalifunga juu ya paa la baraza. Nina pia kibao cha kusimama ninachokitoa nje kila asubuhi. Wiki hii askari wa kaunti wameniletea notisi ya siku saba: nilipie mabango au yang'olewe. Jana nimekuta nguzo ya baraza imepigwa X nyekundu na sijui ni nani aliyeipiga. Jirani anasema jina la duka lako kwenye ukuta wako halilipiwi. Ndugu yangu wa Nairobi anasema leseni inagharamia yote. Kuna mtu anayejiita wakala ambaye amesema nimtumie elfu tatu kwa simu na mambo yataisha. Nifanye nini?"

Pole, dada yangu. Mimi ni mpangaji miji, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea maombi ya mabango katika miji ya huku magharibi, kuyapima, na kuyakubali au kuyarudisha. Nimewaona wengi wakifika mezani kwangu katika hali kama yako: wamelipa leseni, hawana nia mbaya, na hawaoni kosa lao liko wapi. Furushi lako limefunga vitu vingi pamoja, na kila kimoja kina mwenyewe: jina ukutani, bango la sabuni, kibao cha njiani, notisi, na hiyo X. Ndiyo maana jirani na ndugu yako wanakupa majibu yanayogongana, na bado kila mmoja ana chembe ya ukweli.

Nianze na huyo ndugu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inataja kazi za kaunti, na mojawapo ni kudhibiti matangazo ya nje. Imewekwa sehemu moja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Hilo linaeleza roho ya sheria yenyewe: bango la nje linahesabiwa pamoja na vitu vinavyomfikia mtu ambaye hakuingia dukani kwako wala hakutaka kuingia. Kwa kuwa kazi hiyo ni ya kaunti, kila kaunti ina utaratibu wake. Nairobi imeunganisha ada kadhaa, ya mabango ikiwemo, ndani ya kibali kimoja cha biashara, kwa hiyo ndugu yako anasema kweli ya kwao. Kweli hiyo haivuki Mau kuja Kisumu.

Kwako, shusha leseni ukutani, uisome pamoja na risiti. Ada ulizolipa zimeandikwa mstari kwa mstari. Kama hakuna mstari unaotaja bango au tangazo, basi leseni hiyo imekuruhusu kushona na kuuza vitambaa mahali hapo, na kuhusu vitu ulivyotundika nje haijasema lolote.

Kiasi cha ada nacho lazima kiwe kimeandikwa mahali. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kwa kaunti, sheria hiyo kwa kawaida ni Sheria ya Fedha inayopitishwa na bunge la kaunti, yenye majedwali marefu ya viwango nyuma yake. Huko utakuta mabango yamegawanywa kwa ukubwa, kwa kuwaka taa au kutowaka, kwa kuwa upande mmoja au pande mbili, na kwa kile linachotangaza. Viwango hurekebishwa mara kwa mara, hivyo usikubali kutajiwa ada kwa kukumbuka. Omba uonyeshwe ukurasa na mstari. Ni haki yako, na afisa anayejua kazi yake hatakasirika. Sheria hizi si maandiko matakatifu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba siku kaunti inapoita watu kujadili ada, kiti chako kikikaa kitupu ni hasara yako mwenyewe.

Sasa jirani. Sheria za mabango, karibu popote utakapozisoma, huuliza kwanza: bango hili linasema habari za nani? Jina la biashara iliyomo ndani ya nyumba hiyo hutazamwa kwa jicho laini, kwa sababu mteja anahitaji kujua yuko wapi. Tangazo la bidhaa au la biashara iliyo kwingine ni uuzaji wa nafasi, na huko ndiko ada hupanda. Kutokana na tofauti hiyo ndipo misamaha hupatikana. Kibao kidogo cha jina kando ya mlango, saa za kufungua, tangazo la muda la chumba cha kupangisha, alama za barabarani na za usalama: hivi mara nyingi havidaiwi chochote, au hudaiwa kidogo sana. Kilicho ndani ya dirisha pia mara nyingi huachwa, kwa kuwa Katiba yenyewe imetaja matangazo ya nje.

Jirani alichosahau kukuambia ni kwamba misamaha ina mipaka. Mara nyingi ni kibao kimoja kwa kila mlango, kisichozidi kipimo fulani, kikiwa na jina na aina ya kazi tu. Ukiongeza la pili, au ukaingiza nembo ya bidhaa, umetoka nje ya msamaha hata kama ukuta ni wa babu yako. Halafu kuna jambo la kupima, ambalo huwashangaza watu. Maafisa hawapimi herufi. Wanapima mstatili unaoyazunguka maandishi yote, na kama umepaka rangi ya nyuma, mstatili huo unaenda mpaka rangi inapoishia. Maduka yaliyopakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda kutoka msingi hadi paa huweza kuhesabiwa ukuta mzima kuwa bango. Kwa hiyo kabla hujaenda ofisini, chukua futi yako ya kushonea, panda kwenye stuli, pima hilo jina lililo juu ya mlango, uandike. Katika vitu vyako vitatu, hili ndilo lenye matumaini makubwa zaidi. Hata likidaiwa ada, nategemea litakuwa dai dogo kuliko mengine.

Bango la sabuni ni habari nyingine kabisa. Jina lako lipo pembeni, lakini anayezungumza hapo ni sabuni. Mbele ya afisa hilo ni tangazo la bidhaa, na wewe huuzi hata sabuni. Kampuni imepata mita za mraba 4.8 kando ya barabara yenye magari mengi mchana na usiku bila kulipa kodi ya pango. Neno "bure" hapo lina maana ya kwamba wao wamelipa mabati, rangi na fundi. Kibali cha kila mwaka hakikutajwa, na notisi huletwa kwa aliye ndani ya jengo kwa sababu ndiye anayeonekana. Kama ulitia sahihi karatasi yoyote walipolileta, itafute leo. Wakati mwingine kuna mstari unaosema kampuni itashughulikia vibali, na mstari huo utakuokoa. Kama hakuna karatasi, mpigie aliyelileta, kisha mwandikie ujumbe wa kudumu, barua au barua pepe, ukiambatanisha picha ya notisi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ya simu haina daftari.

Kuna swali lingine ambalo hukulitaja: je, mwenye nyumba aliliruhusu? Wewe umepanga chumba. Paa la baraza na uso wa jengo kwa kawaida hubaki mkononi mwake, mpaka mkataba useme vingine. Ofisi zinazopokea maombi huomba barua yake ya idhini, na nimeona maombi mazuri yakikwama miezi kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Lakini jambo linalonifanya niandike kwa urefu ni upepo. Watu wengi hudhani sheria za mabango zimetungwa kwa ajili ya kukusanya pesa, na sikatai kwamba pesa zimo. Mimi nilianza kuzichukulia kwa uzito siku nilipokuta bango la ukubwa kama wako limelala katikati ya njia ya miguu baada ya mvua ya alasiri, ukingo wake wa bati umeukata mwavuli wa muuza mboga kama wembe. Mama huyo alikuwa ameinuka kwenda kutafuta chenji. Bolti zilikuwa bado zimeshika kipande cha plasta.

Hesabu yake ni hii. Upepo unapogonga kitu bapa, nguvu yake haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Upepo wa kilomita 90 kwa saa unaokuja kabla ya mvua kubwa husukuma kila mita ya mraba kwa takriban kilo 38. Zidisha kwa mita zako 4.8, unapata karibu kilo 180. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 yakilisukuma bango kwa pamoja, kisha yakiachia, kisha yakisukuma tena, na kila msukumo unazilegeza bolti kidogo. Sisi wa kando ya ziwa tunajua dhoruba zetu za mchana: jua kali, hewa inapanda, na ghafla mitaa inajaa vumbi na mifuko inayoruka. Ongeza unyevu unaozalisha kutu, na paa la baraza lililojengwa kuzuia mvua wala halikukusudiwa kubeba tanga la mashua. Bango linalochorwa moja kwa moja ukutani halina tatizo hili hata kidogo. Herufi zilizokatwa mojamoja na kufungwa ukutani hupitisha upepo katikati. Bati zima lililosimama juu ya baraza ndilo umbo baya kuliko yote.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria ada, fanya hivi kesho asubuhi kabla joto halijapanda. Mwite fundi wa kuchomelea vyuma unayemwamini, apande alitazame. Bolti zimeingia kwenye zege au matofali, au zimeshika plasta na mbao za paa tu? Kuna kutu kwenye viungo? Ukilitikisa kwa mkono, linacheza? Likicheza, lishushe siku hiyohiyo, notisi au hakuna notisi.

Kibao cha kusimama nitakipitia haraka. Njia ya miguu ni ya mwenye mkokoteni, ya kipofu, ya mama mwenye mtoto mgongoni na beseni kichwani. Ukikiweka hapo, huna hoja yoyote, na kaunti inaweza kukiondoa. Kivute ndani ya mstari wa baraza lako.

Sasa hiyo X, ambayo naiona ndiyo nzito kuliko notisi. Barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega ni barabara kuu ya kitaifa, chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Mitaa mingine ya mjini inaweza kuwa ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, au ya kaunti yenyewe. Mamlaka hizo ziliundwa na Sheria ya Barabara ya 2007, na kila barabara ina hifadhi yake, yaani ardhi iliyo kando ya lami ambayo imetengwa kwa ajili ya mitaro, mabomba na upanuzi wa baadaye. Macho hayaoni mpaka wa hifadhi. Baraza nyingi zimejengwa juu yake kwa miaka bila mtu kusema neno, mpaka siku X inapochorwa. Jengo likionekana limeingia ndani, mamlaka hupiga alama, hutoa taarifa, kisha huja na mashine.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa kwa uchungu mkubwa. Wanaona X, wanakimbilia kaunti kulipa ada ya bango, wanarudi na risiti, na bado nguzo inang'olewa. Risiti ya kaunti inasema umelipia tangazo. Haisemi kwamba ardhi iliyo chini ya nguzo ni yako au ya mwenye nyumba wako. Ulipie usilipie, X itabaki pale kama aliyeipiga ni mwenye barabara. Waulize majirani kama wao pia wamepigwa na ni lini, tazama kama kuna herufi au namba kando ya alama, kisha nenda na mwenye nyumba kwenye ofisi ya KeNHA ya kanda mkaulize kwa maandishi. Huu ni mzigo wake kuliko wako, kwa sababu ni nguzo yake na ni mipaka ya ploti yake. Usilipie bango lolote lililofungwa kwenye baraza hilo mpaka swali hilo lijibiwe.

Kuhusu siku zako saba: usizipitishe kimya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haki na ya haraka, na sababu za maandishi pale uamuzi unapokugusa. Soma notisi inataja sheria gani. Nenda ofisi za jiji na barua fupi yenye nakala mbili, moja wapigie muhuri ubaki nayo. Sema umeipokea notisi tarehe fulani, umekiondoa kibao cha njiani, unaomba muda wa kushughulikia bango la baraza, na unaomba kuonyeshwa kiwango cha jina la ukutani. Beba nakala ya leseni, mkataba wa pango, barua ya mwenye nyumba, na picha ya uso wa duka yenye vipimo vyote vimeandikwa juu yake. Kama uliyopewa ni notisi ya utekelezaji chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya mipango ya kaunti, na kutoka hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Sheria hiyohiyo inaweka faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote, kwa anayefanya ujenzi bila ruhusa. Sikutishi kwa jina lililochorwa na brashi. Nasema hivi kwa sababu fremu ya chuma juu ya paa inaanza kufanana na ujenzi.

Ungeniuliza mezani ningekuambia lipi? Ningebaki na jina la ukutani, nikaliombea kibali kwa vipimo vyake halisi. Ningeliondoa bango la sabuni, isipokuwa kampuni ikubali kwa maandishi kulipa kibali kila mwaka na kulifunga upya kwa mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa, na hata hapo ningesubiri X ijulikane ni ya nani. Najua bango hilo limekuletea wateja, kwa kuwa linaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Lakini herufi yenye kimo cha milimita 100 inasomeka vizuri kutoka mita 30 au zaidi ikiwa rangi zake zinapingana, kama nyeupe juu ya buluu iliyokolea. Mchoraji mzuri anaweza kukupa mvuto uleule ukutani bila hata bolti moja. Na siku utakapolishusha, peleka barua kaunti ukiwa na picha, waliondoe kwenye rejista yao. Nimewahi kukutana na mwenye duka aliyedaiwa ada ya miaka mitatu kwa bango alilokwisha kuliuza kama vyuma chakavu.

Huyo wa elfu tatu usimtumie hata shilingi. Hawezi kuifuta notisi wala X, na mwaka ujao atarudi akiwa anajua kwamba wewe hulipa. Malipo halali huenda kwenye nambari rasmi ya malipo ya kaunti na hutoa risiti yenye jina la biashara yako. Akiendelea kukusumbua, andika nambari yake na saa alizopiga. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Kisumu, na ukiona ofisi yoyote ya umma inakuzungusha bila majibu, Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, nayo iko Kisumu.

Kuna hali ambazo jibu la kuandikwa kama hili halitoshi. Ukiletewa samansi ya mahakama, tafuta wakili kabla ya tarehe iliyoandikwa, na usikose kufika. Ukigundua X inagusa chumba chako chenyewe, mwenye nyumba anahitaji mpima ardhi aliyesajiliwa wa kuthibitisha mipaka, na wewe unahitaji kujua mkataba wako unasema nini kuhusu kuhama. Ukiamua kuweka taa kwenye bango lolote, zifungwe na fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, kwa sababu bati lililolowa likishika umeme humuua mtu anayejikinga mvua chini yake. Na kama fundi wa vyuma akisita hata kidogo kesho asubuhi, funga kamba njia ya chini ya baraza na uwahamishe wateja upande wa pili wa mlango mpaka bango litakaposhuka.